Mawe ya Kutupa na Betri za Kuchaji katika Nyumba za Nyamagana

Katika wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, ambako nyumba zimepandana juu ya majabali ya Mabatini, Igogo na Bugando hata mgeni akizitazama kutoka ziwani hudhani zimetundikwa, tochi si pambo bali ni chombo cha lazima, kwa kuwa anayetoka usiku kwenda chooni au kwa jirani hushuka juu ya mwamba unaoteleza. Na madhali tochi ni lazima, swali la kinachoiwasha ni la kila nyumba, ya yule ambaye umeme wa TANESCO umemfikia mlangoni na ya yule ambaye nguzo zimeishia mtaa wa pili. Swali lenyewe huulizwa dukani kwa maneno machache: ninunue mawe, au ninunue ya kuchaji? Aghalabu hujibiwa kwa maneno machache kadhalika, kwamba ya kuchaji ni ghali lakini hudumu, na mawe ni rahisi lakini huisha. Jawabu hilo si uongo, walakini limeacha nje karibu kila jambo ambalo mnunuzi angelihitaji ili aamue sawasawa, yaani chombo chake kinakula umeme kiasi gani, betri itachajiwa wapi na kwa ada gani, ikifa itaweza kubadilishwa au itakifisha chombo kizima, na mwisho wake utakuwa wapi.

Jiwe la tochi ni mrithi wa betri ya maji aliyoitengeneza Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866, ambayo tabibu wa Kijerumani, Carl Gassner, aliigeuza kuwa kavu miaka ishirini baadaye kwa kuufanya umajimaji wake kuwa uji mzito na kuufungia ndani ya kopo la zinki. Tangu hapo kanuni yake haikubadilika sana: kijiti cha kaboni katikati, unga mweusi wa manganisi kukizunguka, na kopo la zinki ambalo ni gamba la nje na papo hapo ndilo linaloliwa kidogo kidogo kila taa inapowaka. Hiyo ndiyo sababu jiwe lililosahauliwa ndani ya tochi huvuja na kuzifanyia kutu springi zake. Gamba limekwisha kuliwa, na kilichokuwa ndani kimepata njia. Hiyo pia ndiyo sababu ya ile desturi yetu ya kuanika mawe juani, ambayo wasomi wamezoea kuicheka bila haki, kwani joto huharakisha kazi ya kemikali iliyosalia na kuueneza unyevu uliokauka mahali pamoja, hata jiwe likatoa nusu saa ya redio ambayo asubuhi halikuwa nayo. Juani halikuongezewa umeme wowote. Limeonyeshwa tu njia ya kuumaliza ule uliobaki.

Mawe hayo yalienea Afrika Mashariki pamoja na redio ya transista. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilijenga Dar es Salaam kiwanda kilichotengeneza redio na betri zenye jina la National, na mwishoni mwa muongo huo huo mji wa Nakuru, Kenya, ukapata kiwanda cha betri za Eveready, zile zenye paka. Kwa muda wa kizazi kizima na zaidi bidhaa hizo zilikuwa kipimo cha uchumi wa nyumba: nyumba yenye mawe mapya ilisikika kutoka barabarani, na nyumba iliyoishiwa ilinyamaza mpaka pamba iuzwe. Kiwanda cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014, kikilemewa na gharama na kushindwa na bidhaa rahisi kutoka nje, na leo katika maduka ya Mlango Mmoja na Igoma jiwe analopewa mnunuzi aghalabu limetoka China, mathalan lile la Tiger Head linalotengenezwa Guangzhou. Bei imeshuka, lakini jiwe lililo rahisi mara nyingi lina unga haba na zinki nyembamba, na mnunuzi hana mizani ya kuyapima hayo mawili isipokuwa kulibeba mkononi na kuusikia wepesi wake.

Zama zikaja nyingine. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na kibatari, ambacho kilikuwa taa ya fukara kwa sababu ya urahisi wake, kikapoteza sifa hiyo moja ambayo kwayo kilisamehewa moshi na hatari yake ya moto. Wakati huo huo taa ndogo za LED zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni, nazo hutoa nuru ya kutosha kwa sehemu ndogo tu ya umeme uliokuwa ukiliwa na balbu ya waya. Watafiti Gunther Bensch, Jörg Peters na Maximiliane Sievert, walioyachunguza mageuzi haya katika vijiji vya nchi kadhaa za Afrika na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017, waliona kwamba watu walikuwa wamehama wenyewe kutoka mafuta ya taa kwenda taa za LED zinazotumia betri kavu, bila ruzuku wala mradi wa mfadhili, na kwamba betri zilizokwisha zilikuwa zikitupwa chooni au porini. Mtu yeyote wa Kanda ya Ziwa aliyekuwa na macho katika miaka hiyo angaliweza kuwaambia hivyo hivyo, lakini ni vema ushahidi uwepo katika maandishi.

Basi sharti tutafute kipimo. Bei ya betri moja si kipimo, kwa maana hakuna anunuaye betri kwa ajili ya betri. Anunuacho ni saa ya nuru, au saa ya taarifa ya habari, au mwaka mmoja wa mshale wa saa ya ukutani. Tuchukue betri ndogo zile za rimoti, zenye alama ya AA. Jiwe la kawaida la zinki na kaboni la ukubwa huo, likitumiwa polepole, hubeba umeme usiozidi sana saa moja ya ampea, na likitumiwa kwa nguvu hutoa nusu yake au pungufu. Betri ya alkalini hubeba mara mbili ya hapo au zaidi. Na betri ya kuchaji ya nikeli, ile iandikwayo NiMH, hubeba kama saa mbili za ampea, kisha hujazwa tena mara mamia kabla ya kuchoka. Ikiwa betri moja ya kuchaji inauzwa kwa bei ya mawe kumi, na kila chaji yake inafanya kazi ya mawe mawili, basi katika chaji ya tano imekwisha kurudisha thamani yake, na chaji zote zinazofuata ni faida, ukiondoa bei ya chaja, ambayo hugawanyika juu ya betri zote za nyumba.

Lakini chaji ya tano hufika lini? Hapo ndipo suala zima lilipo. Katika tochi inayokula jozi ya mawe kila juma, chaji ya tano hufika katika juma la kumi, na mwenye nyumba anaanza kula faida kabla masika hayajamalizika. Katika saa ya ukutani, ambayo hula umeme mdogo mno hata jiwe moja dhaifu huiendesha mwaka na zaidi, thamani ya mawe kumi hurudi baada ya miaka kumi, na hapana betri ya kuchaji ya nyumbani inayostahiki kuaminiwa umri huo. Itakuwa imekufa kwa uzee, si kwa kazi. Kwa hiyo mtu anayeweka betri ya kuchaji ndani ya saa ya ukutani kwa nia ya kubana matumizi amefanya israfu, na mtu anayelisha mawe redio inayosema kutwa dukani amefanya israfu kubwa zaidi, na wote wawili hujiona waangalifu.

Ziko hitilafu nyingine kati ya jinsi hizi mbili ambazo huonekana katika chombo, si katika daftari. Jiwe jipya hutoa volti moja na nusu, kisha nguvu yake hushuka pole pole kila linapotumiwa. Betri ya nikeli huanza na volti moja na sehemu mbili za kumi, ikakaa hapo hapo karibu mpaka mwisho, kisha ikaanguka ghafla. Vyombo vingi havijali. Vichache, hasa rimoti za kale na baadhi ya mashine za kupimia presha, hudai kwamba betri imekwisha hali bado ina kazi, na wauguzi wa nyumbani wanaowapimia wazee presha wangefanya vema kuweka alkalini humo, kwa kuwa mashine inayokataa kuwaka usiku ambao mzee amezidiwa haikuokoa senti yoyote. Tena, betri za nikeli za zamani zilikuwa na aibu ya kupoteza umeme zikiwa zimekaa tu, kama mtungi unaotoka jasho, hata aliyezichaji mwanzo wa mwezi alizikuta tupu mwisho wake. Aibu hiyo ilipungua sana tangu mwaka 2005, kampuni ya Sanyo ya Japani ilipotoa betri za Eneloop ambazo baada ya mwaka mmoja kabatini huwa bado zimeshika sehemu kubwa ya umeme wake. Betri za namna hiyo hazijaenea katika maduka ya mitaani huku kwetu. Anayezitaka hana budi kwenda mjini kwa wauza kamera na vifaa vya umeme, na akifika asiridhike na betri yoyote iliyoandikwa namba kubwa, kwa sababu betri ya ukubwa wa AA inayojigamba kubeba saa tano za ampea inasema uongo mbele ya mashahidi.

Juu ya gharama ya umeme wenyewe hapana haja ya kukawia. Kuijaza betri moja ya AA, pamoja na kinachopotea njiani katika chaja, hutumia kama wati nne kwa saa moja, maana yake uniti moja ya LUKU hujaza betri 250. Na hata kwa yule anayelipa karibu shilingi 357 kwa uniti, kila chaji humgharimu shilingi moja na nusu hivi. Hapana kitu kingine kinachouzwa Mwanza kwa shilingi moja na nusu. Hesabu hii, hata hivyo, ni ya mwenye soketi ukutani. Asiye na soketi, na wapo pembezoni mwa wilaya na wengi zaidi visiwani, huipeleka betri au simu yake kwa mwenye duka la kuchaji na kulipa ada ya shilingi mia chache kwa kila mara, akawa ananunua umeme ule ule kwa zaidi ya mara mia ya bei yake, sambamba na safari na kungoja. Na huyo akikuambia kwamba mawe yana nafuu kwake, usimwone mjinga, bali kaa naye mpige hesabu pamoja, na huenda ukakuta ni kweli.

Iko sababu nyingine kubwa inayomfunga maskini kwenye mawe, nayo ni namna rejareja inavyokwenda. Mangi wa dukani, ambaye hufungua paketi ya sigara akauza moja na kufungua mfuko wa sukari akauza robo, hulitoa jiwe katika paketi yake na kuliuza peke yake. Hakuna bidhaa ya nuru inayomkubalia mnunuzi senti chache kuliko hiyo. Betri za kuchaji hutaka fedha ya miezi mitatu mkononi leo, na fedha ya miezi mitatu ndiyo hasa asiyokuwa nayo mtu ambaye faida ingemfaa zaidi. Hivyo saa ya nuru hununuliwa kwa bei ya juu kabisa na wale walio na kipato cha chini kabisa, si kwa kukosa maarifa ya hesabu, maana mama ntilie wa Mkuyuni anaweza kuifanya hesabu hii kichwani akigeuza maandazi, bali kwa kukosa rasilimali ya kuianzia. Wahubiri wa betri za kuchaji, ambao hudhani kwamba watu wanahitaji kuelimishwa, wangefanya kazi yenye manufaa zaidi kama wangewashawishi wenye maduka wauze betri na chaja kwa mafungu ya kila juma, kama zinavyouzwa taa za sola kwa malipo ya simu.

Sasa tuje kwa tochi ya kuchaji, ile nzima nzima ya plastiki yenye plagi iliyofichwa kitakoni, maana kwa watu wengi wa Nyamagana hiyo ndiyo maana pekee ya neno kuchaji. Tochi hiyo imeleta kheri nyingi, na sina nia ya kuitia ila isiyostahili. Lakini ni lazima isemwe kwamba betri iliyomo ndani yake, hasa katika zile za bei nafuu, ni kibetri kidogo cha risasi na asidi kilichogandishwa kwa gundi, na betri ya risasi ina tabia moja isiyosameheka: ikiachwa tupu kwa siku nyingi, salfeti ya risasi hujigandisha juu ya bati zake, na baada ya hapo haishiki chaji tena. Mwenye tochi huitumia mpaka izimike, huiweka dirishani kwa kuwa umeme haukukatika juma lile, akija kuitafuta usiku wa mvua hukuta imekufa. Taa yake nzima, swichi yake nzima, waya wake mzima, kilichokufa ni kitu cha ukubwa wa kiberiti, na kitu hicho hakiuzwi peke yake katika duka alikoinunua tochi. Tochi nzima inatupwa. Mtu huyu, ambaye alikwepa kutupa mawe, sasa anatupa tochi na risasi kwa mkupuo mmoja, na anarudi dukani akiwa na chuki na kila kitu kiitwacho cha kuchaji. Hapana jambo lililoiharibia sifa betri ya kuchaji katika nyumba zetu kuliko hilo.

Wavuvi wa dagaa wameyajua haya kwa hasara kubwa zaidi. Dagaa, ambaye leo huvuliwa katika Ziwa Victoria zaidi ya samaki mwingine yeyote kwa uzito, huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na taa zinazoelea, na kwa miongo mingi taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa, ambazo zililamba sehemu nene ya mapato ya kila usiku. Mafuta yalipopanda bei, makambi yakageukia taa za LED zinazowashwa kwa betri za pikipiki na za gari, na nyingine za sola, na mzigo mkubwa ukaondoka. Lakini kazi ya dagaa huenda kwa mwezi, na mbalamwezi inapokuja vyombo hupandishwa mwaloni na watu wakapumzika. Betri iliyorudi tupu usiku wa mwisho wa giza na kuwekwa kona ya kibanda mpaka mbalamwezi ipite imekalishwa tupu kwa muda ule ule unaotosha kuiua. Mvuvi anayeichaji kabla ya kuiweka, hata kama hataigusa siku kumi, huitumia betri hiyo misimu kadhaa. Asiyefanya hivyo hununua nyingine upesi na kusema amepewa feki. Wakati mwingine amepewa feki kweli, na kwa hiyo hana njia ya kujua kosa lilikuwa la nani.

Upande wa Kenya wa ziwa hili lilijaribiwa jambo ambalo linahusu hoja yetu moja kwa moja. Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ya Ujerumani, pamoja na shirika la Global Nature Fund, ilifungua Mbita mradi ulioitwa Umeme Kwa Wote, ambapo mvuvi alichukua taa na betri iliyojaa kwa amana na ada, akairudisha asubuhi tupu na kupewa nyingine. Uzuri wa shauri hili ni kwamba liliitenganisha betri na mtumiaji wake: mvuvi alinunua usiku mmoja wa nuru, na utunzaji wa betri, kuchaji kwake, umri wake na maziko yake vikabaki kwa mtu mwenye ujuzi na zana. Uzito wake ulikuwa katika amana, ambayo ni yale yale ya rasilimali tuliyokwisha kuyataja. Lakini nalitazama shauri hilo kuwa la busara kuliko kumwuzia kila mtu betri na kumtaka awe fundi.

Hata hivyo watu wa mtaani hawakungoja Wajerumani. Iko betri moja ya kuchaji ambayo imeshinda soko pasipo tangazo wala mradi, nayo ni ile betri bapa ya simu ya kitochi, ya aina iliyoanzishwa na Nokia kwa jina la BL-5C. Ilikuja ndani ya simu; lakini kwa kuwa simu zilikuwa nyingi na betri hiyo hutoka kwa kucha tu, watengenezaji wa redio ndogo, zile za kutia memori kadi zinazopiga kwaya na bongo fleva katika kila kibanda cha kinyozi kutoka Nyegezi hadi Pamba, wakaziundia redio zao nafasi ya betri hiyo hiyo. Matokeo yake ni kwamba nyumba yenye simu mbili na redio moja ina betri tatu zinazobadilishana kazi: moja inachajiwa ndani ya simu, nyingine inasikiliza taarifa ya Radio Free Africa, na ikiisha wanapeana zamu. Hubeba umeme zaidi ya betri ya AA ya nikeli, hujazwa kwa chaja ambayo kila nyumba inayo au jirani anayo, huuzwa peke yake mezani kwa machinga, na ikivimba hutolewa na kuwekwa nyingine bila chombo kuathirika. Sifa zote ambazo tochi ya plastiki imezikosa, betri hii inazo. Kama angetokea mtu akaunda tochi imara ya kutembelea juu ya majabali yetu, yenye nafasi ya betri ya kitochi badala ya kile kibetri cha risasi kilichogandishwa, nadhani angelimaliza zaidi ya nusu ya ubishi unaotushughulisha hapa.

Haina maana kwamba betri hiyo ni malaika. Mwaka 2007 Nokia yenyewe iliwatahadharisha wateja wake juu ya BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa na Matsushita, kampuni ile ile ya mawe yetu ya National, kwa kuwa baadhi yake zilipata joto kupita kiasi zikichajiwa. Na ikiwa zile za halali zilikuwa na kasoro, zile zinazoiga jina tu zina nyingi zaidi. Betri ya lithiamu iliyovimba haichajiwi, haitobolewi kwa msumari ili itoe hewa kama wafanyavyo baadhi ya vijana, wala haiwekwi chini ya mto wa mtoto aliyelala akisikiliza redio. Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango hukamata na kuteketeza bidhaa bandia mara kwa mara, lakini meza ya machinga ni ndogo na huhama; mnunuzi hana mlinzi zaidi ya uzito, bei isiyo rahisi kupita kiasi, na muuzaji ambaye atamkuta pale pale mwezi ujao.

Limebaki suala la mwisho wa betri, ambalo watu hulitaja kwanza wakitaka kusifia za kuchaji, nami nimelichelewesha kwa makusudi, kwa sababu halielekei upande mmoja kama wanavyodhani. Jiwe la zinki lilikuwa na sumu zaidi zamani, lilipotiwa zebaki ili zinki isiliwe upesi; watengenezaji wakubwa wameiacha zebaki hiyo tangu miaka ya 1990, na jiwe jema la leo ni zinki, manganisi, kaboni na chumvi. Si chakula, wala haifai unga wake kusiribwa kwenye kuta za nyumba au ubao wa shule kama ilivyokuwa desturi, lakini ubaya wake mkubwa uko katika wingi: mawe yanayotupwa mitaroni husukumwa na mvua za masika hadi Mto Mirongo, na Mirongo huingia katika ziwa lile lile ambalo mamlaka ya maji huvuta maji ya mji kutoka Capri Point. Yanayookotwa huenda jaa la Buhongwa pamoja na maganda ya ndizi. Hakuna anayeyanunua, kwa kuwa hakuna thamani ndani yake.

Betri ya risasi ni kinyume chake: ina thamani, hivyo haiachwi jaani, na thamani hiyo ndiyo hatari yake. Wanunuzi wa vyuma chakavu huitafuta nyumba kwa nyumba, asidi humwagwa popote, na risasi huyeyushwa. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kilichofanya kazi mpaka 2014 kilitia sumu damu ya watoto wa majirani, na mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wake, Phyllis Omido, baada ya kukuta mwanawe mwenyewe ana risasi mwilini, alipigana mpaka kikafungwa, akatunukiwa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Anayesema kwamba kila kinachochajiwa ni safi na kila kinachotupwa ni kichafu hana budi kueleza kwanza habari za Owino Uhuru. Kwa maoni yangu, kati ya tochi mbili, ya mawe na ya kibetri cha risasi kinachokufa katika mwaka wake wa kwanza, ya mawe ndiyo yenye madhara machache, na ya tatu, yenye betri ya nikeli au lithiamu inayotoka na kubadilishwa, huzishinda zote mbili kwa mbali, mradi tu itumike kila usiku.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikwisha kuziweka taka hatarishi chini ya usimamizi wa serikali, kwa hiyo kinachokosekana si amri bali ni sababu ya mtu kurudisha betri iliyokufa. Mfano tunao hapa hapa: chupa za soda za Nyanza Bottling zimezunguka Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi kwa amana tu, na mtoto aliyeziokota mtaani alizirudisha dukani mbio bila kuhubiriwa mazingira. Lakini chupa ilirudi kwa sababu aliyeijaza aliitaka tena, na hapana anayelitaka jiwe lililokwisha; ukimtwika mangi wa Mlango Mmoja amana ya mawe, atajaza makopo nyuma ya duka lake, akose pa kuyapeleka, na mwisho atayatupa usiku katika Mirongo. Amana hiyo ingepaswa kutozwa bandarini Dar es Salaam, mahali ambapo makontena ya betri huhesabiwa kwa lazima na waagizaji ni wachache wanaojulikana, kisha ilipe nauli ya kuzirudisha kutoka Mwanza na kazi ya kuzitenga zinki kwa zinki na lithiamu kwa lithiamu, maana lithiamu ndiyo inayozidi kuja, na wanunuzi wa vyuma chakavu bado hawajaipangia bei.